Rweya si Ardhi Tupu: Msamiati wa Ardhi wa Buhaya, Haki ya Mazingira na Sanaa Simulizi

1.0 Utangulizi

Ardhi ya Buhaya imeandikwa na wataalamu wengi, lakini kila mmoja ameandika juu ya kipande chake. Mwanauchumi amepima samadi na nguvukazi. Mwanasheria amechambua urithi na milki. Mwanaakiolojia amefukua tanuri za chuma. Mwanafasihi amekusanya tendi zinazoimbwa kwa enanga. Kazi hizo ni za thamani kubwa. Hata hivyo, msomaji anayezisoma moja moja anaweza kudhani kwamba uchumi, haki na sanaa ni mambo matatu yaliyokutana kwa bahati katika nchi moja. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo yamefungamana, na kwamba fungamano hilo linaonekana katika msamiati wa ardhi wa Kihaya.

Hoja yetu kuu inahusu neno rweya. Katika Kiswahili cha maofisini neno hili mara nyingi hufasiriwa kuwa pori, mbuga au ardhi tupu. Tutajaribu kuonyesha kwamba rweya haikuwa tupu kwa watu walioipa jina hilo, na kwamba kuifasiri hivyo kuna taathira juu ya haki za watu, hususan wanawake. Kwa haki ya mazingira tunamaanisha swali hili: ni nani anayefaidi rutuba ya nchi, na ni nani anayebeba hasara inapopungua? Eneo tunalolishughulikia ni wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, pamoja na Manispaa ya Bukoba, ambamo kata ya Buhembe ni mojawapo ya mahali ambapo mji na migomba vinapakana.

2.0 Maneno Manne na Kazi Zake

Kihaya hugawa ardhi ya kijiji kwa maneno kadhaa. Hapa tutachukua manne yaliyo ya msingi.

Kibanja ni ardhi inayoizunguka nyumba, yenye migomba na mibuni, maharage chini yake, na mara nyingi makaburi ya ukoo. Kikamba ni ardhi iliyo pembezoni mwa kibanja, au kibanja kilichofifia na kuacha kustawisha migomba. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio kati ya kijiji na kijiji. Omusiri ni kishamba kinacholimwa ndani ya rweya kwa msimu mmoja au miwili, kisha kikaachwa kipumzike. Kwa desturi omusiri ulilimwa na wanawake, nao walipanda humo njugu mawe na mazao mengine ya muda mfupi.

Msomaji asiyeijua nchi hii anaweza kuyachukua maneno hayo kuwa majina ya aina nne za udongo. Sivyo. Mvua katika mwambao wa Bukoba hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua nyingi kiasi hicho huichuja rutuba ya udongo na kuuacha na asidi. Udongo wa kibanja na udongo wa rweya jirani, kwa asili yake, mara nyingi ni mmoja. Kilichoutenga ni kazi ya vizazi. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na usiku wakalala nyumbani, na samadi yao ikatiwa kibanjani. Majivu, maganda na mabaki ya jikoni yakarudishwa ardhini. Rutuba ya kibanja ilitoka rweya, ikisafirishwa kwa mgongo wa mtu na kwa tumbo la ng'ombe.

Kwa mintarafu hiyo, kibanja na rweya si ardhi mbili bali ni pande mbili za mfumo mmoja. Rweya ikipungua, kibanja hukosa matandazo na samadi, na baada ya miaka kadhaa huwa kikamba. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoua mifugo ya Afrika Mashariki, msiba wake haukuwa wa nyama na maziwa pekee. Ulikuwa pia msiba wa samadi. Neno kikamba limebeba kumbukumbu ya jambo hilo, kwa kuwa linataja ardhi kwa historia yake na si kwa sura yake tu.

Hapa inafaa kutazama maneno mawili tunayoyatumia leo katika Kiswahili. Neno mazingira limetokana na kitenzi zingira, nalo humweka mtu katikati na vitu vingine pembeni yake. Neno endelevu limetokana na endelea, nalo huashiria mwendo wa kwenda mbele. Ni maneno mazuri, na yamekwisha kuzoeleka. Lakini mfumo wa kibanja na rweya hauelezeki vizuri kwa picha ya kuzungukwa wala ya kwenda mbele. Picha yake ni ya kurudisha. Kinachotolewa sharti kirudishwe, na anayerudisha ana jina, ana mzigo kichwani na ana njia anayopita. Mtaalamu wa istilahi anayetafuta namna ya kueleza uendelevu kwa watu wa Muleba atafanya vyema kuanzia hapo.

3.0 Kibanja na Kiwanja

Isimu linganishi inatupa ushahidi mwingine. Shina -banja limeenea katika lugha za Kibantu likiwa na maana inayohusu ua au mahali palipo mbele ya nyumba. Katika Kihaya sauti b imebaki; katika Kiswahili, mahali pengi, imegeuka kuwa w. Ndiyo sababu Kihaya kina abantu na babili pale ambapo Kiswahili kina watu na wawili. Kwa kanuni hiyo hiyo, kibanja cha Kihaya na kiwanja cha Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na uwanja ni ndugu yao.

Lakini ndugu hawa wameachana kimaana. Kiwanja katika Kiswahili cha leo ni eneo lililo wazi, lililopimwa, linalongojea kujengwa. Thamani yake imo katika kile kitakachowekwa juu yake. Kibanja ni kinyume chake: ni mahali palipojaa, na thamani yake imo katika kile kilichokwisha kutiwa ndani yake kwa miaka mingi. Luganda nacho kina neno kibanja, na huko, baada ya mkataba wa mwaka 1900 uliogawa ardhi ya Buganda kwa wakuu, neno hilo limekuja kuhusishwa na haki ya mpangaji anayekaa juu ya ardhi ya mwenye hati. Kwa hiyo shina moja limezaa mmiliki, mpangaji na mnunuzi, kila mmoja kwa historia ya nchi yake.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Katika kata kama Buhembe, ambako mji hukutana na migomba, mpimaji huandika kiwanja na mwenyeji husema kibanja, wote wawili wakionyesha ardhi ile ile. Wanaweza kudhani kwamba wanaelewana kwa sababu maneno yanafanana. Mmoja anahesabu mita za mraba. Mwingine anahesabu mikungu, mibuni, makaburi na mikono iliyobeba nyasi. Fidia inayokadiriwa kwa neno la kwanza haiwezi kuyajibu yote yaliyomo katika neno la pili.

4.0 Nyarubanja, Ukoo na Mwanamke

Isidhaniwe kwamba tunaisifu desturi ya kale kana kwamba haikuwa na dhuluma. Msamiati ule ule unaoonyesha busara ya kilimo unaonyesha pia unyonge. Neno nyarubanja, ambalo ndani yake tunaliona lile shina -banja, lilikuwa jina la maeneo makubwa yaliyoshikwa na watawala na watu wa kasri, huku waliolima humo wakitoa kodi na utumishi. Mkulima wa nyarubanja alirutubisha udongo kwa jasho lake, lakini udongo huo haukuwa wake. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na nyarubanja ikafuatia kwa sheria ya mwaka 1965 iliyowapa wapangaji ardhi waliyoilima, kisha sheria ya 1968 ikapanua hatua hiyo.

Dhuluma ya pili ilimhusu mwanamke, nayo haikufutwa kwa sheria hizo. Kanuni za mila za Wahaya zilikusanywa na Cory na Hartnoll na kuchapishwa mwaka 1945. Baada ya uhuru, tangazo la serikali la mwaka 1963 kuhusu urithi liliruhusu mwanamke kurithi, ila ardhi ya ukoo aliweza kuitumia tu bila kuiuza maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo. Kanuni hiyo ilijaribiwa katika shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha wilayani Muleba. Holaria Pastory alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, naye akaiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephraim, ndugu wa ukoo, alidai mauzo hayo yabatilishwe. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni inayomzuia mwanamke kuuza huku ikimruhusu mwanamume inapingana na usawa uliomo katika Katiba. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988.

Hukumu hiyo ni ya kihistoria na inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria na wa lugha. Hata hivyo, mtazamo wa msamiati unatuonyesha mpaka wake. Shauri lilihusu ardhi ya ukoo na haki ya kuiuza. Wanawake wengi wa vijijini, kwa desturi, hawakutegemea kibanja pekee. Walitegemea pia omusiri ndani ya rweya, ambako haki yao haikuwa ya kuuza wala kurithi bali ya kulima na kukata nyasi. Haki ya aina hiyo haina hati. Rweya inapogawiwa kwa watu binafsi, au inapopandwa mikaratusi na misindano, haki hiyo hutoweka bila shauri lolote kufunguliwa, kwa sababu katika lugha ya karatasi hapakuwa na mtu aliyenyang'anywa kitu.

5.0 Rweya katika Sanaa na Kumbukumbu

Ikiwa lugha ya ofisi huiona rweya kuwa tupu, sanaa na imani za Wahaya hazikuiona hivyo. Katika masimulizi ya kale ulimwengu umegawiwa wenyewe. Wamara ana mamlaka juu ya roho za wafu. Mugasha ana ziwa, dhoruba na mvua. Irungu ana nyika, wanyama na wawindaji. Mgawanyo huu ni zaidi ya hadithi ya miungu. Unasema kwamba mtu anayetoka kibanjani kuingia nyikani hajaingia mahali pasipo mwenyewe. Amevuka kutoka mamlaka moja kwenda nyingine, na adabu inambana huko kama inavyombana nyumbani.

Mfano wa Katuruka, karibu na Bukoba, unaongeza uzito. Wazee wa huko walisimulia juu ya mfalme Rugomora Mahe na uhunzi wa chuma, na masimulizi yao yaliambatanishwa na mti mtakatifu uliojulikana kwa jina la Kaiija. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akachimba mahali palipoonyeshwa, akapata mabaki ya ufuaji chuma ambayo ya kale zaidi yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,500. Chuma huyeyushwa kwa makaa, na makaa hutoka katika miti. Historia ya uwanda wa nyasi wa nchi hii haiwezi kutenganishwa na historia ya tanuri hizo. Kwa hiyo hata uwazi wa rweya una mkono wa binadamu ndani yake, na fasihi simulizi ilihifadhi alama ya kazi hiyo kabla ya maabara kuipima.

Tendi za enanga nazo zina nafasi yake. Enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti mfano wa hori, na msanii huipiga huku akisimulia habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Mugyabuso Mulokozi, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichunguza tendi hizo na kuonyesha kwamba Afrika ina utendi wake kamili, kinyume na walivyodai baadhi ya wanazuoni wa Ulaya. Mhakiki wa mazingira anaweza kuongeza swali lake juu ya msingi huo: shujaa anapovuka kutoka nyumbani kwenda nyikani au ziwani, anavuka mipaka gani ya ardhi, na anapewa ruhusa na nani?

Lakini tahadhari inahitajika. Enanga ilipigwa vilioni na majumbani, na ilipigwa pia kwenye kasri. Msanii aliyekula mezani kwa mtawala hakuwa huru kuisema nyarubanja kama mpangaji alivyoijua. Mtu asitumie sanaa simulizi kama ushahidi wa umoja wa jamii bila kuuliza ni nani aliyesimulia na mbele ya nani. Wimbo wa mwanamke anayelima omusiri una haki ya kukusanywa kwa bidii ile ile iliyotumika kukusanya utendi wa mashujaa.

6.0 Watu Waliounganisha Vipande

Je, inawezekana mtaalamu mmoja kuyashika mambo haya pamoja? Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba mwaka 1950, ni mfano ulio karibu. Tasnifu yake ya udaktari nchini Sweden ilihusu uchumi wa mashamba madogo ya migomba na kahawa mkoani Kagera na sababu za kudidimia kwake. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1994 alionyesha kwa hesabu kwamba mgawanyo mkali wa kazi kati ya wanawake na wanaume una gharama: ukilegezwa, mapato ya fedha ya shamba yangeweza kuongezeka hadi kwa asilimia 10. Hapo ndipo ikolojia ya kibanja na haki ya mwanamke zilipokutana katika jedwali moja. Tangu mwaka 2000 hadi 2010 aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, na mwaka 2005 aliandika ripoti juu ya bomoabomoa ya Zimbabwe, iliyokadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Kuanzia 2010 hadi 2014 alikuwa waziri mwenye dhamana ya ardhi nchini Tanzania. Swali la nani ana haki ya kukaa mahali, lililoulizwa kwanza katika kibanja, likawa swali la miji ya dunia.

Nchini Kenya, Wangari Maathai alifuata njia nyingine. Alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akaanzisha mwaka 1977 harakati za upandaji miti zilizokuja kuitwa Green Belt, akapinga mwaka 1989 ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Linalotuhusu zaidi hapa ni kwamba Maathai, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 2006, aliirudia habari ya mkuyu wa utotoni mwake, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye, akiwa mwanasayansi, alitambua kwamba mizizi ya miti ya aina hiyo ilishikilia udongo na kulinda chemchemi. Alichosomea chuoni kilimpa maelezo. Katazo la mama lilikuwa limekwisha kuulinda mti. Katazo hilo na mamlaka ya Irungu juu ya nyika ni maneno ya aina moja: ni sheria iliyovikwa sanaa.

7.0 Taathira kwa Tafsiri ya Sheria

Hatimaye tufike mahali ambapo uchaguzi wa neno unaweza kumnyang'anya mtu ardhi. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilitungwa kwa Kiingereza. Sheria ya pili ina mambo mema: inatambua ardhi ya jumuiya ya kijiji, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini fasili ya ardhi ya jumla katika sheria ya kwanza inaongeza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali fasili ya sheria ya pili haina nyongeza hiyo.

Maneno isiyokaliwa na isiyotumika yanaonekana kuwa mepesi. Tuyapime kwa rweya. Rweya haikaliwi, hilo ni kweli. Je, haitumiki? Nyasi zake hutandazwa chini ya migomba, mifugo hulishwa humo, omusiri hulimwa na kupumzishwa humo. Ardhi iliyopumzishwa, machoni pa mgeni, haina tofauti na ardhi iliyoachwa. Kwa mwenye lugha, tofauti ipo: kupumzisha ni kutumia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kazi ya kutafsiri sheria imekuwa kazi yetu sisi wa taaluma za Kiswahili. Mfasiri atakayeandika ardhi tupu pale panapohusu rweya atakuwa ametoa hukumu kabla ya hakimu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa ardhi wa Buhaya hueleza kwa pamoja namna rutuba inavyotengenezwa, namna haki zinavyogawiwa na kunyimwa, na namna sanaa inavyoweka mipaka. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maneno kibanja, kikamba, rweya na omusiri yaingizwe katika kamusi na istilahi za Kiswahili yakiwa na fasili kamili, badala ya kufasiriwa kwa neno moja la kukadiria. Pili, watafsiri wa sheria za ardhi washirikiane na wazungumzaji wa lugha za maeneo husika, hasa wanawake wanaolima. Tatu, wanafunzi wa shahada za juu wakusanye nyimbo na masimulizi ya kazi za rweya wangali wapo wanaoyajua, maana rweya yenyewe inapungua, na jina la ardhi halidumu muda mrefu baada ya ardhi yenyewe kubadilishwa.